Mota Haiji Peke Yake

Kubadilisha mota ya ndege ya rimoti ni kazi ya kutoa mota iliyokuja na ndege na kufunga nyingine inayozunguka haraka zaidi, ili ndege iongeze spidi. Kazi yenyewe ni skrubu nne na waya tatu, na mtu mwenye mkono mwepesi huimaliza chai ikiwa bado ya moto. Yanayofuata baada ya chai ndiyo yanayohitaji maelezo, kwa sababu mota mpya ni sawa na bibi harusi: mahari hutolewa kwa ajili ya mmoja, wanaohamia nyumbani ni ukoo mzima. Huja na spidi kontrola kubwa zaidi, betri nzito zaidi, propela nyingine, waya nene, na shemeji mkorofi aitwaye joto, ambaye hakualikwa lakini ndiye wa kwanza kufika.

Tamaa ya spidi haimpati anayeanza. Anayeanza hutamani ndege iende polepole, na kama ingewezekana isimame kidogo angani ili apate nafasi ya kufikiri. Ndege ya kujifunzia imetengenezwa kwa ajili yake: bawa liko juu ya mwili, urefu wake ni mita 1.2 hivi kutoka ncha hadi ncha, uzito ni gramu 700, na mwili ni wa foma ya aina ile inayofungashiwa televisheni. Ndege hii husamehe makosa mengi, na foma yake huungwa kwa gundi mara nyingi kuliko inavyostahili. Siku mwenyewe anapoanza kutua mfululizo bila kuvunja kitu, hafikii uamuzi kwamba amejua kurusha. Hufikia uamuzi kwamba ndege inamchelewesha.

Ugonjwa huu ni mpya kuliko mchezo wenyewe. Ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, waliongoza kwa redio ndege yao ya mfano iitwayo Guff mwaka 1937, ikiwa na injini ndogo ya petroli. Ndege ya aina hiyo yenye mota ya umeme ilisubiri hadi 1957, pale Kanali H. J. Taplin wa Uingereza aliporusha Radio Queen kwa betri za fedha na zinki. Furaha ya siku hizo ilikuwa kwamba kitu kimepaa na kimerudi. Kwa miongo kadhaa iliyofuata betri zilikuwa nzito na mota dhaifu, na umeme ulikuwa wa watu wenye subira. Ziliposambaa mota zisizo na brashi na betri za lithiamu polima, mwanzoni mwa karne hii, nguvu ilizidi mahitaji. Tangu hapo watu hawaulizi tena kama ndege itapaa. Huuliza kama itatua na mabawa yote mawili.

Mota na namba zake

Mota ya zamani ina brashi mbili za kaboni zinazopeleka umeme kwenye koili zinazozunguka. Brashi husuguana, hutoa cheche, huchakaa na kupoteza nguvu kwa joto. Mota isiyo na brashi imegeuza mpango huo. Katika aina inayotumika zaidi kwenye ndege hizi, koili za shaba zimetulia katikati, sumaku zimebandikwa ndani ya kopo la nje, na kopo lote ndilo linalozunguka. Umeme hupelekwa kwa zamu kwenye mafungu matatu ya koili, ndiyo maana waya ni tatu. Kwamba kopo lote linazunguka ni jambo la kukumbukwa na yeyote anayetaka kuishika mota ikiwa kazini ili aone kama imepata moto.

Kwenye mota huandikwa namba mbili. Ya kwanza, tuseme 2212, kwa kawaida ni kipenyo na kimo cha kiini cha koili kwa milimita, 22 kwa 12. Viwanda vingine hupima kopo la nje badala ya kiini, bila kutoa taarifa kwa mtu, kwa hiyo mota mbili zenye namba moja zinaweza kufika moja ikiwa na umbo la mtoto wa nyingine. Namba ya pili ni Kv, yaani idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haijabeba mzigo. Mota ya Kv 1000 ikipewa volti 11.1 huzunguka mara 11,100 kwa dakika. Namba hii haihusiani na kilovolti, ingawa wapo waliotangaziwa kijiweni kuwa mota hiyo ni ya maelfu ya volti, wakavuta viti vyao nyuma.

Mnunuzi wa mara ya kwanza huisoma Kv kama cheo: aliye na kubwa ndiye mkubwa. Ukweli uko kinyume. Kv kubwa maana yake waya wa koili umezungushwa mara chache. Mota inakimbia zaidi, lakini kila ampea inazaa nguvu ndogo ya kusokota. Mota ya ndege ya kilo tano inaweza kuwa na Kv 300 au 400, na ya kidege kinachoenea mfukoni ikawa na elfu kadhaa. Aliyeagiza Kv kubwa kuliko zote dukani, kisha akaifungia propela pana, hupata joto jingi, mwendo mdogo na risiti.

Skrubu nne zilizotajwa mwanzoni nazo zina habari yake. Zinazokuja kwenye pakiti zinaweza kuwa ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa, na mbele ya tundu la skrubu ndiko koili ziliko. Skrubu ikizidi milimita mbili huingia kwenye shaba, hukwangua varnishi inayotenganisha waya, na mota mpya hufa kabla haijazunguka. Mwenyewe huirudisha dukani akilalamika kuwa ameuziwa kitu kibovu. Mwenye duka huitoa skrubu, huiangalia ncha yake yenye rangi ya shaba, na mazungumzo huishia hapo.

Propela na hesabu isiyo na undugu

Propela pia ina namba mbili, kwa mfano 9×6. Tisa ni kipenyo kwa inchi. Sita ni hatua, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa ngumu kiasi cha kushika skrubu. Ukizidisha hatua kwa idadi ya mizunguko, unapata kikomo cha spidi ambacho ndege haiwezi kukivuka ikiwa inakwenda sambamba na ardhi, hata mwenyewe akiapa.

Ndege iliyotajwa hapo juu, ikiwa na mota ya Kv 1000, betri ya volti 11.1 na propela ya 9×6, huzunguka kama mara 8,500 kwa dakika inapobeba mzigo. Inchi sita ni sentimita 15.24. Kikomo chake basi ni kama mita 1,295 kwa dakika, sawa na kilomita 78 kwa saa. Tuseme inavuta ampea 15. Mwenyewe akaweka mota ya Kv 1400 na kuiacha propela ile ile. Mizunguko hupanda hadi 11,600 hivi, na kikomo kinakuwa kilomita 106 kwa saa. Ongezeko ni asilimia 36, na hadi hapo kila mtu nyumbani ana furaha.

Tatizo ni kwamba nguvu inayohitajika kuzungusha propela haipandi sambamba na mizunguko. Hupanda kwa mchemraba wake. Mizunguko ikizidishwa kwa 1.36, nguvu huzidishwa kwa 1.36 mara tatu, nayo hufika karibu 2.5. Ampea 15 zinakuwa 38. Betri ya mAh 2200, ambayo kwa nguvu zote ilidumu dakika tisa kasoro kidogo, sasa inadumu dakika tatu na nusu. Sheria hiyo hiyo huitawala ndege angani: ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa spidi, na nguvu ya kuushinda hupanda kwa mchemraba. Anayetaka spidi mara mbili hudaiwa nguvu mara nane. Hesabu hii haina undugu na mtu, wala haikubali kulipwa kidogo kidogo.

Dawa inayojulikana ni kupunguza kipenyo cha propela pale Kv inapoongezwa, na kuacha hatua iwe ndefu kiasi. Dawa hii huandikwa kwenye karatasi ya maelekezo inayokuja na mota, na karatasi hiyo hutumika kukinga meza isichafuliwe na gundi.

Propela ina uso na kisogo. Upande wenye maandishi hutazama mbele, kule ndege inakoelekea. Ikifungwa kinyume bado huvuta, ila kwa uvivu mkubwa, na mwenye ndege hutumia mchana mzima akiilaumu mota, betri, upepo na waliomuuzia. Mwelekeo wa mzunguko nao una kanuni yake. Mota ikizunguka kinyume, waya mbili kati ya tatu hubadilishana nafasi, na mambo yanakuwa sawa. Asiyependa mambo nusunusu huzihamisha zote tatu, kila moja kwenye nafasi ya jirani yake, na mota huendelea kuzunguka kinyume vilevile kwa utiifu kamili.

Spidi kontrola na sebule

Kati ya betri na mota kuna kisanduku kidogo kiitwacho spidi kontrola. Kazi yake ni kugawa umeme kwa zamu kwenye waya tatu kulingana na amri ya rimoti. Kimeandikwa kiwango chake, na kwenye ndege ya kujifunzia kiwango hicho mara nyingi ni ampea 30. Mota inayotaka ampea 38 haiombi ruhusa. Hujichukulia, na kisanduku hutoa huduma hadi kinapoanza kutoa harufu. Fundi redio huitambua harufu hiyo tangu mlangoni, na hutaja bei kabla mteja hajafungua mfuko.

Kuungua kwa spidi kontrola kungekuwa hasara ndogo kama kisingekuwa na kazi ya pili. Kwenye ndege nyingi ndogo, kisanduku hicho hicho hupunguza umeme wa betri hadi volti 5 na kuulisha risiva pamoja na servo zinazosukuma usukani. Kikifa angani, mota husimama na ndege huwa kiziwi kwa wakati mmoja. Mrushaji huendelea kuzungusha vijiti vya rimoti kwa bidii, watazamaji humsifu kwa utulivu wake, na ndege huchagua mwembe.

Kuna chombo cha bei nafuu, kipimawati, kinachofungwa kati ya betri na spidi kontrola ili kuonyesha ampea na wati kabla ya safari. Sekunde chache za kupima ndege ikiwa imeshikwa imara chini hueleza yote yaliyo kwenye aya zilizotangulia. Ununuzi wake hufuata utaratibu maalumu: hununuliwa baada ya spidi kontrola ya pili.

Spidi kontrola mpya inahitaji kufundishwa mwanzo na mwisho wa kijiti cha rimoti. Kijiti hupandishwa hadi juu kabisa, betri huunganishwa, milio husikika, kisha kijiti hushushwa. Neno muhimu katika utaratibu huu ni kwamba kijiti kipo juu kabisa wakati betri inaunganishwa. Kama kisanduku hakikuelewa kuwa kimo darasani, hudhani kimeamriwa kuruka. Ndiyo maana kila maelekezo husema propela itolewe kwanza, na ndiyo maana sebule nyingi za warushaji zina pazia moja fupi kuliko mwenzake. Pazia hushonwa. Kidole kilichokatwa na propela inayozunguka mara elfu kumi kwa dakika ni kesi ya hospitali, na hapo ucheshi hukoma.

Betri

Betri ya lithiamu polima hupangwa kwa seli. Kila seli ina volti 3.7 za kutajwa, 4.2 ikijaa, na haitakiwi kushuka chini ya 3. Mbali na ukubwa wa mAh, betri huandikwa namba yenye herufi C, inayoonyesha inaweza kutoa umeme kwa kasi gani. Betri ya mAh 2200 yenye 20C inadai kutoa ampea 44. Namba hiyo huandikwa na anayeuza, na watu wa mchezo huisoma wanavyosoma umri wa mchezaji mpira wa vijana. Betri ikilazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake, volti hushuka, spidi iliyotafutwa hupotea, na pakiti huanza kuvimba. Iliyovimba haichajiwi tena, hata kama iliyovimba ndiyo ya bei kubwa.

Kuchaji hufanywa na chaja inayosawazisha seli, mahali pasipo na kitu cha kushika moto, mtu akiwa karibu, na mchanga ukiwa karibu zaidi. Kitandani si mahali hapo, wala juu ya kochi. Betri isiyotumika huwekwa ikiwa na volti 3.8 hivi kwa kila seli, isiwe imejaa wala tupu. Mwenye ndege huielewa kanuni hii vizuri sana Jumapili jioni, lakini betri hujazwa Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi, mvua hunyesha Jumamosi, na betri hukaa imejaa hadi mwezi mwandamo.

Kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi, vifaa hivi mara nyingi hufika kwa mkono wa ndugu anayetoka safari. Kanuni za usafiri wa anga hutaka betri ya lithiamu ya akiba ibebwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na isizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika. Betri ya volti 11.1 na mAh 2200 ina wati-saa 24 hivi, kwa hiyo inapita. Kinachobaki ni mjomba kueleza kwenye ukaguzi kwa nini mzee wa miaka sitini na tano aliyekwenda kumsalimu binti yake anarudi na betri nne, mota yenye waya tatu na visu viwili vya plastiki ambavyo ameambiwa ni propela. Mjomba hujibu kwa heshima kwamba ni mizigo ya mpwa wake, jibu ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote kwenye uwanja wowote wa ndege.

Mwili unaolipia

Uzito ndio deni la kwanza. Mota kubwa, spidi kontrola kubwa na betri kubwa vinaweza kuitoa ndege kwenye gramu 700 na kuifikisha 900. Spidi ya chini kabisa ambayo bawa linaweza kuishikilia ndege hupanda kwa kipeuo cha pili cha uzito, kwa hiyo ndege hiyo sasa haiwezi kuelea chini ya spidi iliyo juu ya ile ya zamani kwa asilimia 13. Ilikuwa inatua kwa hatua za kutembea, na sasa inataka uwanja.

Deni la pili ni mizani. Ndege ya kawaida hutakiwa kusimama sawa ikishikwa kwa vidole viwili chini ya bawa, mahali palipo robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Mota nzito huivuta pua chini. Betri husogezwa nyuma ili kusawazisha, hadi chumba chake kinapoisha. Kisu huletwa na foma hukatwa. Bado pua ni nzito, basi kipande cha risasi hubandikwa mkiani. Hapo ndege imefikia hatua ya kuongezewa uzito ili iwe nyepesi kuongoza, baada ya kuongezewa uzito ili iwe na kasi.

Deni la tatu ni ukuta wa mota, kibao kidogo cha mbele ambacho skrubu zote huingia. Kiwandani kilibandikwa kwa gundi iliyokadiriwa mota ya zamani. Mota mpya hukipima siku ya kwanza, na mara chache hutokea jambo ambalo wahandisi wangelipenda kama lingekuwa la kukusudia: mota, kibao na propela hufika vinakokwenda kwa spidi iliyoahidiwa, vikiiacha ndege nyuma.

La nne ni mtetemo wa usukani. Eleroni na usukani wa mkia hushikwa na bawaba na vijiti vyembamba. Spidi inapopita kiwango fulani, hewa huanza kuvipepea kwa haraka, sauti ya mvumo husikika, na ndani ya sekunde moja au mbili kipande hung'oka. Tiba ni kupunguza nguvu papo hapo, kisha baadaye kuweka vijiti vigumu na kuondoa ulegevu kwenye kila tundu. Mrushaji asiyejua husikia mvumo ule, hudhani ndiyo sauti ya spidi, na huongeza.

La tano ndilo linaloumiza moyo. Bawa la ndege ya kujifunzia limechongwa ili lipate kani ya kuinua ikiwa mwendo ni mdogo. Likipewa mwendo mkubwa, huinua zaidi ya inavyohitajika, pua hupanda, na sehemu kubwa ya nguvu mpya huishia kwenye kimo. Mwenye ndege anaomba spidi, anapewa ghorofa. Ndiyo sababu mota huinamishwa digrii chache kuelekea chini, na kidogo kulia kwa sababu propela inayozunguka kulia, ukiitazama kutoka nyuma, hutaka kuugeuza mwili wote kushoto. Ndege iliyorushwa kwa mkono ikiwa na nguvu zote na pembe za zamani hujiviringisha kushoto kabla aliyerusha hajashusha mkono.

Uwanjani

Vyombo vinavyorushwa kwa rimoti Kenya na Tanzania viko chini ya kanuni za mamlaka za usafiri wa anga, KCAA na TCAA, na anayetaka kurusha huanza kwa kuuliza kibali. Baada ya kibali hutafutwa eneo lililo wazi, mbali na watu, nyumba na nyaya za umeme. Watu nao hulitafuta eneo hilo hilo mara tu wanaposikia sauti ya mota, hivyo umbali huo hupimwa upya kila dakika.

Kilomita 106 kwa saa ni karibu mita 30 kwa sekunde. Uwanja wa mpira wa mita 105 humalizika kwa sekunde tatu na nusu, na mrushaji akipiga chafya moja ndege imeshasogea mita 30 kwa hiari yake. Ndege ya bawa la mita 1.2 ikiwa mbali hugeuka doa, na doa halionyeshi kama linakuja au linakwenda. Likiwa linakuja, kulia kwa rimoti kunakuwa kushoto kwa macho. Kwenye mwendo mdogo mtu hupata muda wa kukosea, kugundua na kusahihisha. Kwenye mwendo huu hupata muda wa la kwanza tu. Kwa sababu hiyo, mrushaji mwangalifu wa ndege yenye mota mpya huzunguka uwanja kwa nusu ya nguvu, na mtoto aliyesimama pembeni humuuliza: "Anko, kwani imeharibika?" Historia ya ajali nyingi inaanzia kwenye swali hilo.

Kupima kilichopatikana

Spidi ya ndege ya rimoti hukadiriwa kwa macho, na macho ya mwenyewe huona theluthi zaidi. Kinachomdanganya ni masikio: mizunguko ikipanda, mlio hupanda na kuwa mkali, hata kama ndege haijaongeza mengi. Watu wengi waliobadilisha mota wamepata ongezeko kubwa la kelele.

Njia za kweli ni mbili. Ya kwanza ni kufunga kinasa kidogo cha GPS ndani ya ndege. Kifaa hiki hupima mwendo juu ya ardhi, kwa hiyo upepo wa kilomita 20 kwa saa huongeza 20 kwenda na kupunguza 20 kurudi. Kanuni ni kupita pande zote mbili na kuchukua wastani. Desturi ni kupita pande zote mbili na kusimulia mmoja. Njia ya pili ni kurekodi sauti ndege inapopita karibu. Mlio wake huwa juu inapokuja na hushuka inapoondoka. Tofauti ya masafa ya milio hiyo miwili ikigawanywa kwa jumla yake, kisha ikazidishwa kwa spidi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, jibu ni spidi ya ndege kwa mita kwa sekunde. Simu ya kawaida yenye programu ya kuchambua sauti inatosha, na matokeo yake ndiyo yaliyoimaliza mijadala mingi pamoja na baadhi ya urafiki.

Wanaotafuta spidi kwa dhati hawaanzii kwenye mota. Huanzia kwenye bawa jembamba, mwili mwembamba usio na magurudumu yanayoning'inia, na uso laini. Mwaka 2017 Mjerumani Niels Herbrich aliifikisha ndege yake ya mfano yenye injini ya jeti kwenye kilomita 749 kwa saa, ikiwa rekodi ya dunia ya aina hiyo. Mwaka 2021, kwenye mlima wa Parker huko California, Mmarekani Spencer Lisenby aliifikisha yake kwenye kilomita 882 kwa saa. Ya Lisenby haikuwa na mota kabisa. Ilikuwa nyiririko isiyo na injini, iliyozungushwa kati ya upepo mkali unaopita juu ya kilele na hewa tulivu iliyo nyuma yake, ikichuma mwendo kila mzunguko. Taarifa hii huwafikia warushaji wengi wakiwa wameshalipia mota.

Hatua ya mwisho ya kubadilisha mota ni kuiuza. Ndege hurudishiwa mota yake ya Kv 1000, ambayo haikuwahi kutupwa, na kuruka vizuri kama zamani, kasoro risasi iliyosahauliwa mkiani. Mota ya Kv 1400 hupangwa pamoja na spidi kontrola moja inayofanya kazi, propela tatu na betri isiyovimba sana, kisha hutangazwa kwa nusu ya bei kuwa imetumika mara moja tu. Katika biashara yote ya vitu vilivyotumika, hili ni miongoni mwa matangazo machache yanayosema kweli.